Mgongo wa Kadi

Jumamosi, mawe ya Porto yakiwa bado yana maji ya usiku,
Hermínio anamwaga sanduku la viatu juu ya turubai:
kadi za posta, senti thelathini moja, mbili kwa hamsini,
na ukibeba gao zima bila kuchagua, mtaelewana.
Mimi huchagua.
Nazipekua kama apetaye mchele wa wageni.
Picha sina haja nazo, picha ni zile zile:
ufuo wa Figueira uliopakwa buluu ya kufulia,
kanisa, kanisa, punda aliyevishwa kofia.
Nageuza. Nautaka mgongo,
pale mkono wa mtu ulipoegemea ukaandika.

Nyumbani nina kitabu nakishona mwenyewe.
Jalada ni boksi la biskuti. Kurasa ni bahasha za hospitali,
karatasi ya bucha iliyokwisha kukauka,
risiti za duka la viatu nililofagia miaka ishirini na sita,
ramani ya tramu isiyopita tena kwetu.
Binti yangu Odete hukiita jaa lenye kamba.
Sibishi.
Jaa nalo lina mwenyewe.

Ila kadi ina pande mbili, na gundi haijui huruma.
Bandika mgongo, umemziba mtu mdomo.
Bandika picha, umemfumba macho.
Nimeshaziba wengi, sikatai.
Kuna nahodha mmoja wa Aveiro amelala kifudifudi
ukurasa wa tisa, na sitajua kamwe
alimwomba nani msamaha.

Yako niliipata juzi, Zulmira.
Mbele: jengo refu mlimani, misonobari,
roshani ndefu zenye vitanda vimepangwa juani.
Nilidhani hoteli. Nikachukua mkasi,
nikapima, nusu inchi itoke kushoto.
Ndipo nikaiona alama ya msalaba, ya kalamu,
ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka pembeni.
Nikageuza.

*Celestina, penye msalaba ndipo ninapolala.
Mvua tangu Jumanne. Mwambie Mama nakula,
hata maini nayala.*
Na ukingoni, kichwa chini miguu juu,
herufi ndogo kama chawa:
*Damu usimwambie.*

Nikauweka mkasi.
Nikakaa na mikono mapajani kama niliyefumaniwa.
Maana dirisha halisemi kitu bila maneno,
na maneno hayana pa kulala bila dirisha.
Ningekubandika vipi, dada? Kwa upande upi?

Nimekutoboa matundu manne, uniwie radhi, manne tu,
ukingoni, ambako wino haukufika.
Nimepitisha uzi wa nta, ule wa kushonea soli,
ukalegea kiasi, ukakaza kiasi.
Sasa wewe si picha tena wala si barua:
u mlango. Mtu akisukuma kwa kidole unafunguka,
akikuacha unarudi mwenyewe, polepole.

Jana Odete alikuja na kikombe chake cha kahawa,
akafungua jaa kwa kudhihaki, akafika kwako.
Akageuza. Akageuza tena.
Akaweka ukucha juu ya ule msalaba.
"Alipona?"
Nikamwonyesha pembe ilipokuwa stempu:
mkusanyaji aliibandua kwa mvuke zamani,
akaondoka na mhuri, akaondoka na mwaka.
"Na mama yake, aliambiwa?"
Mwanangu, mimi nimeuziwa kadi tu.

Akanyamaza. Halafu akaniuliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu,
yale majibu yangu ya kifua yalitoka lini,
na kwa nini bahasha yake
imeshonwa humu ukurasa wa kwanza, mdomo ndani.

Aliondoka usiku, tukiwa tumesema mengi.
Kikombe chake kilikuwa kimekaa juu yako, pembeni kulia,
kikaacha duara la hudhurungi, halikukamilika.
Nilichukua kitambaa nifute.
Sikufuta.
Stempu huna, Zulmira,
basi uwe walau na mhuri.